Kope Likicheza Saa Nane Usiku

Bibi yangu alikuwa na majibu mawili tu kwa kope linalocheza. La kulia, mgeni yuko njiani. La kushoto, utalia. Ukimwambia limecheza siku tatu mfululizo atakuuliza ulilala saa ngapi, kisha ataendelea kuchambua mchele wake. Kijana aliyekuja kwangu mwaka jana hakuwa na bibi wa karibu, alikuwa na simu. Kope la kushoto lilimcheza saa nane usiku, akaandika maneno matatu kwenye Google, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshafika kwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliomweka Stephen Hawking kwenye kiti cha magurudumu. Alinionyesha skrinishoti alizozihifadhi. Alikuwa amezipanga kwa tarehe, kama risiti za duka. Siku ya nne paja nalo likaanza kucheza. Misuli ya kila mmoja wetu hucheza, hasa tukichoka, ila wengi wetu hatukai macho kuilinda.

Wataalamu huita hali hii saibakondria, yaani hipokondria, ile hofu ya kudumu ya kuwa na ugonjwa mkubwa, iliyohamia mtandaoni. Magazeti ya Uingereza yamelitumia neno hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jambo lenyewe ni kongwe. Katika Three Men in a Boat, riwaya ya Jerome K. Jerome ya mwaka 1889, msimulizi anaingia maktaba ya British Museum kusoma habari za maradhi madogo tu, anafungua ukurasa baada ya ukurasa, na anatoka akiamini ana kila ugonjwa wa kitabuni isipokuwa mmoja wa magoti. Tunacheka kwa sababu tunajijua. Lakini maktaba ile ilikuwa na saa ya kufungwa: hata msomaji asiyetaka kuacha, mlinzi angepita na funguo, naye angelazimika kwenda nyumbani. Hapo pa kufungwa ndipo penye hoja yangu yote.

Ninachotaka kuzungumzia ni kipimo. Wasiwasi wa namna hii unapimwaje? Ukiuliza kwenye semina, jibu la kwanza huwa ni hesabu: mtu anatafuta mara ngapi kwa siku, anakaa dakika ngapi. Ni jibu la haraka, na naliona ni jibu baya. Idadi ya mara inaweza kukueleza mengi, lakini mengi yake hayahusu wasiwasi.

Chukua kazi ya Ryen White na Eric Horvitz, watafiti wa Microsoft, iliyochapishwa mwaka 2009. Waliwahoji wafanyakazi wenzao 515 na kuchambua kumbukumbu za watu waliotafuta dalili mtandaoni. Wakalinganisha sababu tatu za kichwa kuuma: mkazo wa misuli, kukosa kafeini na uvimbe kwenye ubongo. Katika kurasa zilizoletwa na mashine ya kutafutia, uvimbe wa ubongo ulijitokeza kwa kiwango kile kile cha kukosa kafeini. Kumbuka kwamba nchini Marekani uvimbe huo humpata takriban mtu mmoja kati ya 10,000 kwa mwaka, ilhali anayeumwa kichwa kwa kukosa kahawa yuko kila ofisi. Wakaonyesha pia jinsi mtu anavyopanda ngazi: anaanza na dalili ya kawaida, anabonyeza, anabonyeza tena, na baada ya kurasa chache anatafuta jina la ugonjwa wa kutisha.

Sababu yake si ngumu kuiona. Hakuna anayeandika makala ndefu kuhusu mtu aliyekosa chai. Huku Pwani tunalijua hilo vizuri kuliko Wamarekani: siku mbili tatu za mwanzo wa Ramadhani, nusu ya mtaa inashika kichwa alasiri, na wazee wanacheka kwamba kahawa inadai haki yake. Futari ikiliwa na kikombe kikanywewa, kichwa kinatulia. Lakini andika “kichwa kinauma kila alasiri” uone mashine itakupeleka wapi. Haijui kama umefunga. Inajua tu kwamba ugonjwa mkubwa una kurasa nyingi. Kwa hiyo anayehesabu kurasa alizofungua mgonjwa huenda anapima kurasa zilizopo, wala hajaugusa moyo wa mtu.

Kipimo cha kwanza kilichojaribu kwa dhati kuingia moyoni kilitoka Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2014, Eoin McElroy na Mark Shevlin wa Chuo Kikuu cha Ulster walichapisha dodoso la kauli 33, wakiwa wamelijaribu kwa wanafunzi 208. Kila kauli hujibiwa kwa ngazi tano, kuanzia “kamwe” hadi “kila mara”. Majibu yalipochambuliwa yaligawanyika mafungu matano: kushindwa kujizuia, kiasi kwamba utafutaji unakata shughuli nyingine, fadhaa inayoletwa na kile unachokisoma, kupitiliza, yaani kurudia dalili ile ile kwenye kurasa nyingi, kutafuta kutulizwa, na daktari hasa, na la mwisho, kauli tatu tu, kutomwamini daktari.

Hilo fungu la mwisho halikudumu. Watafiti waliofuata waliona kwamba zile kauli tatu hazitembei pamoja na nyingine: mtu anaweza kuwa na alama za juu kote na bado akamwamini daktari wake kikamilifu. Mwaka 2019 McElroy na wenzake walipotoa toleo fupi la kauli 12, yaani tatu kwa kila fungu, la daktari lilikuwa limeshaachwa. Mwaka huo huo watafiti wa Kroatia wakatoa kipimo cha kauli nne tu. Napenda ufupi wao. Mtu mwenye wasiwasi ukimpa karatasi ya kauli 33 kuhusu mwili wake, unampa kazi ya usiku mwingine.

Mimi nilijaribu kuzitia kauli za dodoso lile la Ulster kwenye Kiswahili, kwa matumizi ya ofisi yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya nilivyojifunza kwenye makala za majarida.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa sarufi. Zile kauli za daktari ziko kinyume na nyingine, yaani anayezikubali anapata alama ndogo. Nikaandika kitu kama “Huamini maneno ya daktari kuliko ya mtandao”, nikikusudia lile hu- la mazoea. Nikamsomea mama mmoja muuza vitumbua, mtu mzima, aliyekubali kunisaidia kuijaribu lugha. Akanikazia macho. “Nani kakwambia siamini daktari?” Kumbe amesikia hu- ya kukanusha, kana kwamba namtuhumu. Herufi ni zile zile, maana zimepishana kama mashariki na magharibi. Mwenye kusoma kwa macho angeweza kuokolewa na mtiririko, lakini madodoso yetu mengi husomwa kwa sauti, mwulizaji amechoka na jua ni kali. Nikaongeza “mimi” mwanzoni mwa kila kauli. Ikaonekana imetengemaa, mpaka mama akaniuliza kwa nini najisema mimi wakati anayeulizwa ni yeye.

Cha pili kilikuwa bando. Kuna kauli inayouliza kama utafutaji unakukatiza shughuli zako. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. “Mwanangu, mimi bando ndilo linalonikatiza.” Hakuwa anafanya mzaha. Kipimo kilichotengenezwa kwa wanafunzi wa Ulster kinachukulia kwamba intaneti ni kama maji ya bomba: ukiacha, umeamua. Kwa wengi wetu intaneti ni maji ya dumu. Mtu anaweza kupata alama ndogo kwenye “mara ngapi” kwa sababu kifurushi cha shilingi mia tano kimeisha saa mbili usiku, huku hofu ikiwa imebaki nzima, inasubiri asubuhi duka la vocha lifunguliwe. Ukilinganisha alama zake na za mwanafunzi wa Ulaya utasema Mtanzania ametulia. Hajatulia, ameishiwa.

Cha tatu ni maneno ya fadhaa yenyewe. Vitabu vinatupa “kufadhaika” na “dhiki ya kisaikolojia”. Watu wanasema: roho juu. Moyo unanipiga paa. Nakosa amani. Nina mawazo. Hilo la mwisho lina mtego wake, kwani kwa Kiswahili cha mtaani “mawazo” tayari ni ugonjwa. Ukimwuliza mtu kama kusoma dalili mtandaoni kunampa mawazo, umeshamwuliza kama anaumwa. Ukiandika “kunanifanya niwe na fikra nyingi” atakuona msomi anayejisifia. Nilibaki na “roho juu”. Mfasiri wa chuoni angeikata kwa kalamu nyekundu, lakini sikupata hata mmoja aliyeuliza maana yake.

Halafu kuna neno ambalo tunalo bure na hatulitumii ipasavyo: wasiwasi. Limetoka kwenye Kiarabu, waswas, mnong'ono, na kila aliyesoma chuo cha Kurani analikumbuka kwenye sura ya mwisho, An-Nas. Katika Kiarabu cha hospitali leo, neno hilo hilo ndilo hutumika kwa ugonjwa wa kurudiarudia vitendo, wa kunawa na kukagua. Nasi Pwani tulikuwa tunaujua muda mrefu: mtu wa wasiwasi wa udhu. Anatia udhu, anaona kama sehemu ya kisigino haikupata maji, anaanza upya, maji yanaisha kwenye birika, jamaa wameshasali rakaa mbili, yeye bado yuko bombani. Hana uchafu. Ana shaka, na kila anapoilisha inarudi na njaa kubwa zaidi. Masheikh humwambia jambo lile lile: nenda kasali na shaka yako.

Sasa tazama wataalamu wa Geneva wamefika wapi. Mwongozo wa uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022, umeihamishia hipokondria kwenye kundi la magonjwa ya kurudiarudia. Mwongozo wa Wamarekani wa mwaka 2013 ulikuwa umeiweka kwingine, pamoja na matatizo ya dalili za mwili. Saibakondria haimo kama ugonjwa kamili katika miongozo yote miwili. Naona Geneva wamelenga vizuri, na naona pia kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshakaa hapo zamani. Kijana wa kope hana tofauti na mtu wa udhu. Simu ndiyo birika lake, ila birika lisiloisha maji.

Paul Salkovskis, Mwingereza aliyeongoza utengenezaji wa kipimo kinachotumika sana cha wasiwasi wa afya, kilichotoka mwaka 2002, ndiye aliyefafanua na wenzake mzunguko huu kwa lugha ya kitaalamu: kuhakikishiwa kunatuliza kwa muda, na utulivu huo wa muda ndio unaomfundisha mtu kurudi kuomba tena. Mwili nao unachangia. Mwanamke mmoja aliyekuja kwangu alikuwa akiibonyeza tezi ndogo chini ya taya kila saa ili ajue kama imekua. Tezi ikibonyezwa siku nzima inauma. Ikiuma, anatafuta “tezi inayouma”. Jioni alikuwa amepata dalili mpya aliyoitengeneza kwa kidole chake mwenyewe.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kinachostahili kupimwa ni jinsi mtu anavyoacha. Takwimu zenyewe zinaelekea huko. Mwaka 2019, Ryan McMullan, Vladan Starcevic na wenzao, kwa sehemu kubwa kutoka Australia, walikusanya tafiti zilizokuwepo na kuzijumlisha. Uhusiano kati ya wasiwasi wa afya na kutafuta habari za afya mtandaoni kwa jumla ulikuwa 0.34. Uhusiano wa wasiwasi huo na alama za saibakondria ulikuwa 0.62. Kwa asiyezoea namba hizi: ukizizidisha kwa zenyewe, ya kwanza inaonyesha mambo mawili yanayoshirikiana kwa zaidi kidogo ya sehemu ya kumi, ya pili karibu sehemu nne kati ya kumi. Yaani kutafuta tu ni jirani wa wasiwasi. Kutafuta bila kuweza kuacha ni ndugu wa damu, ingawa bado si pacha.

Na wengi wanaotafuta hawadhuriki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 uliwapa watu 5,000 visa vifupi vya wagonjwa, wakabashiri ugonjwa kabla na baada ya kutafuta mtandaoni. Waliopatia waliongezeka kutoka asilimia 49.8 hadi 54, na wasiwasi haukupanda. Madaktari wanaowafokea wagonjwa kwa kusoma mtandaoni wangefaa kuisoma kazi hiyo. Hata hivyo nina shaka nayo kidogo: watu wale walipewa kisa cha karatasi wafikirie kuwa kimempata mtu wao. Kope halikuwa lao, wala haikuwa saa nane usiku.

Mashine nazo zina mwelekeo wake. Mwaka 2015 jarida la BMJ lilichapisha majaribio ya programu 23 za kukagua dalili. Katika visa vya dharura zilitoa ushauri sahihi mara 80 kati ya 100. Katika visa ambavyo mtu angetosheka kukaa nyumbani na kunywa maji, zilipatia mara 33 tu, kwa kuwa zilipenda kumtuma hospitali. Simlaumu mtengenezaji, maana akikosea upande wa kutuliza mtu anaweza kufa, na akikosea upande wa kutisha mtu anapoteza nauli. Lakini nauli ni ya nani? Programu ya Ada, iliyotengenezwa Berlin, ilipewa toleo la Kiswahili mwaka 2019, na nilifurahi. Ushauri wa “muone daktari leo” una uzito tofauti Berlin na mahali ambapo zahanati ina tabibu mmoja na foleni inaanza kabla ya jua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waliolitupa fungu la daktari. Kitakwimu walikuwa sahihi: kutomwamini daktari ni kitu cha peke yake na hakistahili kujumlishwa na wasiwasi. Ila kwetu ningekiuliza pembeni, kwa sababu bila hicho sijui kutafuta kwa mtu kunamaanisha nini. Nilishawahi kupimwa mahali, nikaambiwa nina taifodi na UTI kwa pamoja ndani ya dakika kumi, nikapewa dawa tatu kwenye bahasha za kaki zisizoandikwa jina. Nilifika nyumbani nikafungua simu. Je, nilikuwa mgonjwa wa wasiwasi? Nilitafuta kwa saa nzima, nikampigia rafiki mfamasia, nikaenda kupimwa kwingine, basi. Kwenye kipimo cha kauli 33 siku ile ningepata alama nyingi, nyingine zikitokana na akili timamu. Mtu ambaye daktari hakumweleza kitu hana budi kuuliza kwingine, na kwingine ni mtandao, jirani, sauti za WhatsApp za shangazi, na siku hizi mashine ya kuzungumza nayo inayojibu kwa upole na kukupa pole kila unaporudi. Hiyo ya mwisho inanitia hofu kuliko kurasa, kwa sababu ukurasa una mwisho wake na mazungumzo hayana. Vipimo vya mwaka 2014 havikuwaza kitu kinachokuuliza, “Ungependa nieleze zaidi?”

Tiba ipo na si ya ajabu. Jill Newby na McElroy walionyesha mwaka 2020 kwamba tiba ya kubadili fikra na mienendo kwa wenye wasiwasi wa afya hushusha pia alama za saibakondria, na tiba yenyewe ilitolewa mtandaoni, jambo lililonichekesha. Kwangu huanza na kuahirisha: dalili ikija usiku, iandike kwenye karatasi, iangalie kesho saa nne asubuhi. Wengi wakiisoma saa nne hawakumbuki kwa nini ilikuwa nzito. Vipimo hivi havina mstari mmoja unaokubaliwa na wote wa kusema huyu mgonjwa na huyu mzima, kwa hiyo nikizitumia alama ni kwa kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, mwezi huu na uliopita.

Na siku hizi kabla ya karatasi yoyote nauliza swali moja, nililolipata kwa mama wa vitumbua bila yeye kujua: mara ya mwisho ulipotafuta dalili mtandaoni, nini kilikufanya uache? Majibu yanatofautiana kuliko nilivyotarajia. Nilipata jibu. Nilipitiwa na usingizi. Mtoto alilia. Bando. Mmoja alisema niliona picha nikaogopa, nikaificha simu chini ya godoro. Nayaandika kama yalivyo, siyapi alama.

Kijana wa kope alifikiri kwa muda. “Simu ilizima chaji,” akasema.

Nikamwuliza, kisha?

“Nikaenda kuazima ya dada.”